Daftari la Alfajiri

Mtoto wa dada yangu alirudi kutoka mafunzoni bara sauti imemkauka na amekuwa mweusi kwa jua. Usiku wa pili wa kurudi kwake, baada ya Isha, tulijikusanya ukumbini kwa bi mkubwa, Jang'ombe, tumsikilize. Alitusimulia mchakamchaka wa asubuhi, maharage yenye mchanga, msichana wa Kigoma aliyekuwa akilia usingizini. Tulicheka, tukasikitika, chai ikaongezwa.

Halafu akasema, kama mtu anayepita njia tu, kwamba jioni kabla ya kuachiwa wakalale, afande wao alikuwa akiwaombea dua.

"Dua gani?" dada akauliza.

"Anatwambia tufumbe macho. Anaomba kwa jina la Yesu. Akimaliza, sote tunaitikia amina."

Bi mkubwa alikirudisha kikombe chini bila ya kunywa. "Na wewe ukiitikia?"

"Siku za mwanzo nilinyamaza, bibi. Siku moja akauliza, nani hajaitikia? Hakugomba. Aliuliza tu. Tangu siku ile nikawa naitikia."

Ukumbi ulichafuka. Kaka yangu akasema ataandika barua. Hajui ataiandika kwa nani, lakini ataiandika. Dada machozi yakamtoka. Bi mkubwa akawa anarudia neno moja: mtoto ametoka hapa na dini yake, mtoto ametoka hapa na dini yake. Kisha wote wakanigeukia mimi, kwa kuwa katika nyumba ile mimi ndiye niliyewahi kuvaa kombati.

Mtoto akaona wamekasirika kuliko alivyotaka wakasirike. "Lakini mjomba," akanambia, "hakuwa mtu mbaya. Nilipougua malaria yeye ndiye aliyenibeba mpaka zahanati. Angekuwa mbaya ningemkatalia."

Sikumjibu. Walidhani nimenyamaza kwa hasira.

Nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa nimelikumbuka daftari.

## Kalamu ya risasi

Mwaka 2008 nilikuwa kuruta katika kambi moja ya hapa Visiwani. Kikosi sikitaji, na kambi siitaji. Nilikuwa na miaka 19, nimetoka skuli na mwandiko mzuri, na kwa ajili ya mwandiko huo nikafanywa kiongozi wa bweni.

Afande wetu alikuwa mtu wa dini kwelikweli. Nalisema hili kwa heshima, na nataka msomaji alishike mpaka mwisho. Aliamka kabla yetu. Msikiti wa kambi aliufagia mwenyewe, na cheo chake chote kile. Baba wa mwenzetu alipofariki, nauli ya boti ilitoka mfukoni mwake. Sikuwahi kumuona akimnyanyulia kuruta mkono, na kambini hilo si jambo dogo.

Wiki ya pili aliniita ofisini, akanipa daftari la skuli lenye jalada la buluu. Niwe nikiandika majina ya wanaohudhuria swala ya Alfajiri jamaa, na majina ya wasiohudhuria.

"Simwadhibu mtu," akasema. "Nataka kujua hali ya vijana wangu."

Na kweli hakumwadhibu mtu. Hakuna aliyeamrishwa kuswali, hakuna aliyepigwa fatiki kwa kulala. Ila daftari lilikuwa juu ya meza yake, na orodha ya malindo ilikuwa juu ya meza hiyohiyo, na vibali vya kwenda nyumbani vilikuwa hapohapo pembeni. Aliyekosa mara mbili tatu alijikuta na lindo la saa nane usiku mpaka saa kumi na moja. Huenda ikawa sadfa. Sisi hatukusubiri kujua. Haikupita wiki mbili msikiti ukawa haututoshi, tukawa tunatandika majamvi nje.

Nami nilikuwa nasimama mlangoni na kalamu, nimefurahi.

Katika bweni letu alikuwemo Mkristo mmoja. Tulimwita Fundi, kwa kuwa hakuna redio iliyokufa mbele yake. Alikuwa mzaliwa wa hapahapa Unguja, kwao shamba, watu ambao babu zao wamezikwa hapa kama wetu walivyozikwa. Jina lake halikuwa na kazi katika daftari lile. Nilimuuliza afande nimfanyeje.

Akafikiri kidogo. "Mtie na yeye. Ukurasa wa nyuma. Tumuombee."

Nikamtia, ukurasa wa nyuma kabisa, kwa kalamu ya risasi.

## Lindo la mtu asiyeswali

Kuna jambo ambalo wakati ule hakuna hata mmoja wetu aliyeliona kuwa jambo. Kambi haiachwi bila ya mlinzi, hata wakati wa swala. Na kwa kuwa Fundi haswali, ilikuwa akili tu kwamba yeye ashike lindo wenzake waswali. Adhuhuri, yeye. Alasiri, yeye. Magharibi, Isha, Alfajiri, yeye. Hakuna aliyempangia kwa chuki. Ukimuuliza yeyote kati yetu angekwambia, sasa ulitaka ashike nani?

Lakini mtu anayesimama lindo mara tano kwa siku, pamoja na zamu zake za kawaida za usiku, halali. Tulikuwa tunamuona anasinzia kwenye kwata, tukimcheka.

Alhamisi usiku afande alikuwa na darsa, na baada ya darsa chai ya maziwa na mkate wa ufuta kutoka kwake nyumbani. Fundi alialikwa kama sote. "Si lazima," afande alimwambia mbele yangu, na mkono ameuweka begani mwake. Akaja. Akakaa nyuma. Wiki ya tatu akakaa katikati. Afande alikuwa akimuuliza maswali mazuri, akimsikiliza, akimpa vitabu vidogo. Kwa kuruta ambaye mchana kutwa anaitwa kwa filimbi, kusikilizwa na mkubwa kwa nusu saa ni jambo la kumlainisha mtu.

Wiki ya sita, siku ya Ijumaa baada ya Alasiri, Fundi alitoa shahada uwanjani mbele yetu sote.

Takbira ile naisikia mpaka leo. Vijana walilia. Afande alilia, akamvisha kanzu yake mwenyewe, ikampwaya mabegani, akampa jina jipya alilolichagua yeye. Usiku ule nililifungua daftari, nikaifuta ile risasi ya ukurasa wa nyuma, nikaliandika jina jipya ukurasa wa mbele kwa wino.

Kesho yake Fundi alilala usiku kucha. Zamu zake za wakati wa swala ziligawiwa bweni zima, mmoja mmoja kwa kupokezana. Kumbe iliwezekana.

Niliiona tofauti hiyo. Nataka niliseme hili wazi: niliiona, na nikamshukuru Mungu.

## Lakini sisi tuko kwenye haki

Usiku ule wa Jang'ombe, nilipomwacha bi mkubwa na hasira zake, nilitembea kwa miguu mpaka Michenzani nikijibishana na nafsi yangu. Nafsi ilikuwa na hoja, tena si dhaifu.

Ilisema: haifanani. Afande wako alikuwa akimwita mtu kwenye haki. Yule wa bara alikuwa akimtia mtoto wenu maneno asiyoyaamini mdomoni. Daawa ni wajibu, na mwenye cheo ana wajibu mkubwa zaidi, kwa kuwa kila mchunga ataulizwa alichokichunga.

Sitaki kuipita hoja hii kwa haraka, kwa sababu naiamini nusu yake. Mimi ni Muislamu, na siamini kwamba dini ni kama timu za mpira, kila mtu na yake. Naamini ipo haki. Lakini afande wa mtoto wetu naye anaamini hivyohivyo, kwa nguvu hizohizo, na yeye pia alimbeba mgonjwa mpaka zahanati. Nikisema cheo kinaruhusiwa kuhubiri pale tu mwenye cheo anapokuwa kwenye haki, basi nimewapa ruhusa maafande wote duniani, kwa kuwa hakuna anayejiona yuko kwenye batili.

Mkuki kwa nguruwe. Bi mkubwa angenipiga kofi lau angejua nilikuwa nafikiria nini.

Hapa kwetu pana ugumu wa ziada. Karibu kila mtu Zanzibar ni Muislamu, kwa hiyo dini inaingia kambini kama upepo unavyoingia dirishani. Adhana, ratiba ya Ramadhani, futari, dua kabla ya safari, hakuna anayeviamrisha. Sina ugomvi na hayo. Msikiti ndani ya kambi ni haki ya askari anayetaka kuswali, kama ambavyo Mkristo anastahili ruhusa ya Jumapili. Ugomvi wangu ni na daftari. Siku lilipofika kwenye meza ya vibali, swala yetu iliacha kuwa baina ya mtu na Mola wake.

Ibara ya 19 ya Katiba ya Muungano ya 1977 inasema kueneza dini ni huru na ni jambo la hiari ya mtu binafsi, na kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Katiba ya Zanzibar ya 1984 nayo inaulinda uhuru wa kuamini katika ibara yake ya 19. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi maishani bila ya kusita. Safari hii nilisita kwenye "mtu binafsi". Afande aliyevaa kombati, amekaa nyuma ya meza yenye muhuri, saa ya kazi, ni mtu binafsi?

## Maofisa watatu wa Ugiriki

Usiku nilikuwa silali, natafuta kwenye simu. Ndipo nikaikuta kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg, Februari 1998. Inaitwa Larissis na wenzake dhidi ya Ugiriki.

Niliweza kuisoma bila ya kupepesa macho kwa sababu ndani yake hakuna mtu wa upande wangu. Maofisa watatu wa jeshi la anga la Ugiriki, Wapentekoste, walihukumiwa na mahakama za kijeshi za kwao kwa kuwahubiria askari waliokuwa chini yao, na pia kwa kuwahubiria raia. Nchi ile ina Waorthodoksi wengi, na sheria waliyoshitakiwa nayo ilitungwa mwaka 1938, wakati wa utawala wa mabavu wa Metaxas. Sheria ile haikuwa nzuri, na bado najiuliza kama ofisa wa Kiorthodoksi aliyefanya vilevile angefikishwa popote. Ila majaji walifanya kitu kilichonikalisha kitako.

Waliigawa kesi mafungu mawili.

Kwa raia, walisema, kuwaadhibu maofisa hawa ni kuvunja uhuru wao wa dini. Raia yule angeweza kusema sitaki, akafunga mlango. Kwa askari, walisema, adhabu ile haikuvunja kitu. Jeshini cheo kinaingia katika kila uhusiano wa watu. Mdogo hapati njia nyepesi ya kumkataa mkubwa, wala ya kujitoa katika mazungumzo yaliyoanzishwa na mkubwa. Maneno ambayo uraiani yangekuwa kubadilishana mawazo tu, kambini yanaweza kuwa shinikizo la mwenye cheo kwa asiye nacho.

Watu walewale, Injili ileile, na hukumu mbili. Dini yao haikuwa ndiyo iliyopimwa. Kilichopimwa ni kama msikilizaji alikuwa na njia ya kuondoka.

Fundi angeondoka kwenda wapi? Lindoni?

Lakini katika kesi ile yumo askari mmoja aliyenisumbua kuliko wote. Yeye alitoa ushahidi kwamba hakushinikizwa na mtu. Alimwendea ofisa mwenyewe, akamuuliza siri ya utulivu wake. Na bado majaji wakasema kwa askari wale wote adhabu ilikuwa na haki yake. Hapo niligombana na majaji siku kadhaa. Je, kama alisema kweli? Mtu mwenye kiu akimfuata mkubwa wake mwenye maji, mkubwa amwambie nini, mimi kwako nimefungwa mdomo? Na kama Fundi naye alikuwa na kiu?

Wamarekani walifika palepale kwa njia nyengine. Chuo chao cha jeshi la anga kule Colorado kilichunguzwa mwaka 2005 baada ya malalamiko ya wanafunzi kwamba wakubwa wao wanawavuta kwenye Ukristo wa kilokole. Mwalimu wa mpira alikuwa ametundika chumbani mwa wachezaji bango la kuitangaza timu ya Yesu Kristo. Mwaka 2012 kanuni za jeshi lao la anga ziliandikwa kwamba kiongozi ajiepushe kukitumia cheo chake kuisukuma imani yake kwa walio chini yake, na ajiepushe hata na kinachoonekana tu kuwa ni hivyo. Hicho kipande cha mwisho ndicho nilichokichukua. Afande wangu angesema, na angekuwa mkweli, kwamba hakumsukuma mtu. Lakini sisi tulionaje?

## Maalim ananiuliza swali

Nilikwenda kwa maalim wangu wa chuo cha Kurani, mzee ambaye ameniona nikijikojolea kwenye jamvi lake. Nilimweleza yote. Nilidhani atanipa aya ya hakuna kulazimishana katika dini, nami nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba hakuna aliyelazimishwa.

Hakunipa hiyo. Alinisomea ya Surat Yunus, ya 99, ambamo Mola anamuuliza Mtume wake: je, wewe utawalazimisha watu mpaka wawe waumini? Akasema, tazama anaulizwa nani. Anaulizwa mbora wa viumbe, aliyekuwa akiwatakia watu heri kuliko mtu yeyote. Aliyekuwa na mapenzi makubwa kuliko wote ndiye aliyeulizwa.

Kisha tukazungumza juu ya aliyeshurutishwa. Mafakihi wa zamani waliliandika hili bila ya kificho: asiyejuzu kushurutishwa, akishurutishwa kusilimu, Uislamu wake hauhesabiwi mpaka ionekane kwamba ameutaka mwenyewe. Lakini wao walikuwa wakizungumzia upanga, kipigo na kifungo. "Zamu ya lindo ni kipigo, maalim?" nikauliza. "Usingizi ni kifungo?"

Akanitazama. "Hilo utamuuliza aliyekosa usingizi. Mimi nakuuliza wewe. Ulipokuwa kambini ukiswali Alfajiri?"

"Kila siku, maalim. Sikukosa hata moja."

"Uliporudi kwenu?"

Nilirudi nyumbani mwezi wa tisa mwaka ule, katikati ya Ramadhani. Wiki nzima ya mwanzo nilikula daku, nikalala, jua likanikuta kitandani. Sikuwahi kumwambia mtu. Kwa miezi mingi baadaye swala ile ilikuwa nzito kwangu kama gogo, na sikujua kwa nini, mimi niliyekuwa wa kwanza mlangoni.

Maalim hakusema zaidi. Alinimiminia maji.

Nilitoka pale nimejua kwamba jina la kwanza lililoharibiwa na daftari lile lilikuwa langu.

## Fundi

Nilimpata kupitia mwenzetu mmoja. Ana kibanda cha kutengeneza simu, si mbali na Darajani. Nywele zimeanza kumtoka mbele. Nilimsalimu kwa lile jina alilopewa na afande, akaitikia, na baada ya muda akasema taratibu, "Nyumbani wananiita la zamani." Hakulisema kwa ugomvi.

Nilimwambia kilichonileta. Nilimwambia daftari, ukurasa wa nyuma, ile risasi. Hakuwa akijua. Alikuwa na simu imefunguliwa mkononi, akaendelea kuichokoachokoa muda mrefu.

Nikamuuliza swali nililokuwa nalo tangu siku ya wale Wagiriki. Siku ile uwanjani, alimaanisha?

"Sijui," akasema.

Nikasubiri.

"Nakwambia kweli, sijui. Darsa nilikuwa nazipenda. Yule mzee nilikuwa nampenda. Maswali niliyomuuliza yalikuwa yangu. Na nilikuwa nimechoka mpaka nasikia filimbi usingizini. Sasa nikikaa nikajiuliza, ni moyo au ni usingizi? Siwezi kuvitenganisha. Miaka yote hii nimejaribu." Akaiweka simu chini. "Hicho ndicho mlichonichukulia. Mngeniacha nikaja mwenyewe, pengine ningekuwa na nyinyi mpaka leo, na nisingekuwa na shaka."

Ijumaa huwa anafunga kibanda na kukaa ndani kusikiliza khutba kutoka msikiti wa jirani. Jumapili nyengine humpeleka mama yake kanisani, hukaa naye benchi moja. Hapokei komunyo, na haswali. Afande humpigia kila Ramadhani, naye hushindwa kuipokea ile simu.

Nilimtaka radhi. Alinipa, kwa wepesi ambao sikuustahiki. Kisha akasema: "Ukimuona mzee, mwambie ukweli. Wote. Mimi nimeshindwa."

Nikamwahidi.

(Haya ameyasoma kabla sijayaweka hapa. Amefuta sentensi mbili, nami sikumuuliza sababu.)

## Konde

Nilipanda meli ya Mkoani, Pemba, wiki mbili zilizopita, kwenda kwa afande. Maneno niliyapanga baharini. Nitaanza na shukurani, kwa kuwa namshukuru kweli. Nitamwambia daftari. Nitamwambia swala yangu. Halafu nitamwambia Fundi alivyosema, neno kwa neno, na sitomuhukumu.

Kutoka Chake gari ilikwenda polepole, karafuu zimeanikwa majamvini pembezoni mwa barabara na harufu yake imeingia mpaka kwenye nguo za abiria. Mzee nilimkuta barazani kwake, amevaa fulana na msuli, tasbihi mkononi, miguu imemvimba kwa sukari. Alinijua kwa sauti kabla ya sura. Alinikumbatia. Akaita ndani iletwe chai, akaita wajukuu waje wamuone kijana wake.

Tulizungumza saa nzima. Aliwauliza wote, mmoja baada ya mmoja: wa Kengeja, wa Nungwi, yule aliyekuwa akiogopa maji. Anawakumbuka kwa majina ya baba zao. Wawili waliokufa aliwarehemu. Nilikuwa nimekaa mkekani, nimekunja miguu, na kikombe mkononi, nikingojea pumzi yake ikatike ili nianze.

"Na yule kijana wangu wa redio?" akasema. Macho yalimng'ara. "Simu yangu haipokei, atakuwa na kazi nyingi. Anaswali?"

Sauti ilikuwa ileile. Hakuipandisha. Alikuwa mzee mgonjwa mwenye msuli barazani kwake, hana cheo, hana meza, hana kibali chochote cha kuninyima.

Nilikuwa nimekaa, sijui nilisimama saa ngapi. Kikombe kilikuwa chini na visigino vyangu vimekutana, mguu sawa, na mikono imenyooka ubavuni.

"Ndiyo, afande," nikasema.

"Alhamdulillahi," akajibu, na akanionesha nikae, akanijazia chai.